Somo la Tawi: Zawadi ya Bei Nafuu kwa Wazee Wetu Waalikwa



Somo letu la safari hii ni dogo kwa macho, lakini katika matawi limewahi kuleta ubishi wa saa nzima. Tukiwaalika wazee waliostaafu waje kula nasi, tuwape nini mkononi wanapoondoka, na kwa fedha ipi?

Mfuko wa tawi si mkubwa. Wazee nao wanaongezeka. Kijana aliyeingia kiwanda cha nguo cha Utexrwa hapa Kigali kilipoanza mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 20, leo amekwisha pita miaka 60. Mashamba ya chai ni ya zamani zaidi. Chai ilianza kupandwa Rwanda mwaka 1952, kwa hiyo hata watoto wa wachuma chai wa kwanza ni wazee sasa.

Siku za kuwaalika zipo. Iko Mei Mosi, siku ya wafanyakazi wote. Iko tarehe 1 Oktoba, siku ya wazee duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Lakini kwa Rwanda siku inayofaa kuliko zote ni Umuganura, sikukuu ya mavuno, inayoangukia Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti. Siku hiyo watu huketi pamoja, hula mtama, ulezi na mazao mengine mapya, na watoto hunyweshwa maziwa. Utawala wa Wabelgiji uliizima desturi hiyo mwaka 1925; ikarudishwa kuwa siku ya taifa mwaka 2011. Maana yake ni kugawana kilichopatikana. Mzee aliyefanya kazi miaka thelathini ana fungu lake katika mavuno hayo, hata kama mikono yake haivuni tena.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, si utajiri. Sisi tunaongeza kwamba moyo peke yake hautoshi. Hapana budi kuuliza na kupiga hesabu. Zawadi ya faranga elfu tatu iliyochaguliwa kwa kumjua mtu hushinda ya elfu kumi iliyonunuliwa kwa haraka.

1. TUNATOA KWA SABABU GANI

Kabla ya kwenda sokoni, tawi likubaliane kwanza juu ya jambo hili. Mzee anayekuja kwenye karamu yetu hakuja kuomba. Kuta za kiwanda tunamofanyia kazi leo, mashina ya chai tunayochuma leo, yeye aliyakuta pori au tope, akayaacha yalivyo. Haki nyingi tunazozihesabu kuwa za kawaida, kama siku ya mapumziko au likizo ya uzazi, zilidaiwa na watu wa rika lake.

Kwa hiyo zawadi yetu si sadaka. Ni alama ya kumwambia kwamba bado yumo katika hesabu yetu. Tofauti hii huonekana katika mambo madogo. Anayetoa sadaka hutoa kile kilichombakia. Anayemheshimu mwenziwe hutafuta kile kitakachomfaa. Anayetoa sadaka hutaka watu waone, na anayeheshimu hutaka mpokeaji asione haya.

Tumewahi kuona mahali fulani wazee wakipangwa mstari juani, kila mmoja akipewa fulana yenye alama ya kampuni, na mpiga picha yuko mbele yao. Hatutaji mahali wala kampuni. Tunasema tu kwamba fulana zile zilikuwa tangazo, na wazee walizivaa bila malipo.

2. MJUE MGENI KABLA YA KWENDA SOKONI

Kosa la kwanza la kamati nyingi ni kununua kwanza na kufikiri baadaye. Wananunua vitu ishirini vya namna moja, kisha wanawapa watu ishirini wasiofanana. Mwenye ugonjwa wa sukari hupewa sukari. Asiyeona vizuri hupewa kalenda. Asiyekunywa pombe hupewa chupa ya bia.

Dawa yake ni hii. Wiki mbili kabla ya karamu, wanachama wawili wawili waende kumwalika kila mzee nyumbani kwake. Wasimpigie simu tu. Mwaliko wa mdomo wenyewe ni heshima, na hapo ndipo mtajua mengi bila kumhoji kama polisi. Tazameni na msikilize haya yafuatayo, kisha myaandike kwenye daftari mkirudi, si mbele yake:

(a) Anaishi na nani, na nani anayempikia.
(b) Macho yake yakoje. Je, akisoma karatasi anaisogeza mbali na uso?
(c) Miguu yake ikoje. Choo kiko ndani au nje? Njia ina mteremko?
(d) Ana ugonjwa wa sukari au wa presha? Kuna chakula alichokatazwa na daktari?
(e) Dini yake inaruhusu nini na inakataza nini.
(f) Ana umeme? Ana redio? Mvua inapita darini?
(g) Amelipiwa mituweli ya afya mwaka huu?
(h) Anapata pensheni? Karatasi zake za kazi anazo?

Yapo pia mambo ya kutouliza. Katika nchi hii mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaacha wazee wengi bila mtoto hata mmoja. Usianze mazungumzo kwa swali la "watoto wako wako wapi?" Mwache mzee aseme mwenyewe akitaka. Hata majina yana uzito. Zamani mzazi aliyefiwa na watoto wote aliitwa *incike*, neno zito linalomkumbusha mtu upweke wake. Siku hizi wazee hao waliookoka huitwa *Intwaza*, jina la heshima na ushujaa. Jina halinunuliwi dukani, nasi tukilikosea zawadi yoyote tutakayotoa haitaponya.

3. HESABU YA MFUKO

Sasa fedha. Tuchukue mfano. Tuseme tawi lina wanachama 60, na kila mmoja ametoa faranga 1,000 za zawadi. Chakula kina mfuko wake. Tusichanganye mifuko miwili, kwani hapo ndipo ubishi huanzia. Tuna faranga 60,000. Tumealika wazee 15. Weka kando faranga 6,000 za nauli kwa wale wasioweza kupanda mlima kwa miguu. Zinabaki 54,000. Gawa kwa 15: kila mgeni ana faranga 3,600.

Hicho ndicho kipimo chetu. Tukishakijua, tufuate kanuni nne.

Kwanza, mchango uwe wa hiari. Usikatwe kwenye mshahara bila mwanachama kukubali. Mwenye shida mwezi huu asitoe, na asitajwe.

Pili, thamani iwe sawa kwa wageni wote, bali kitu kisilazimike kuwa kimoja. Kama mkutano umekubali kwamba mmoja ana shida kubwa zaidi na aongezwe, liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nyongeza hiyo impelekee nyumbani siku nyingine. Asipewe mbele ya wenzake.

Tatu, mweka hazina asiende sokoni peke yake. Waende wawili, waulize bei maduka matatu, wadai risiti. Vitu kama sabuni na chai, ununuzi wa dazani au katoni katika maduka ya jumla ya Nyabugogo au katikati ya mji hupunguza bei kuliko kununua kimoja kimoja mtaani. Vitenge, tazameni soko la Kimironko, ambako mafundi cherehani wako palepale.

Nne, hesabu za matumizi zibandikwe kwenye ubao wa tawi wiki moja baada ya karamu. Faranga 1,000 ya mfanyakazi wa kibarua ni jasho lake, na ana haki ya kujua ilikwenda wapi.

4. ZAWADI ZINAZOFAA

Tuziangalie moja moja. Nyingine ni vitu vya kununua, na nyingine hazina bei dukani.

Sabuni na mafuta ya kupaka. Hazina makuu, lakini hakuna nyumba isiyozihitaji. Ngozi ya mzee hukauka upesi, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Chagueni mafuta yasiyo na harufu kali. Kipande cha sabuni na kikopo cha mafuta, vikifungwa pamoja vizuri, ni zawadi kamili.

Chai. Wenzetu wa mashamba wanajua uchungu wa jambo hili: mtu huchuma chai maisha yake yote, na ile nzuri huondoka kwa lori bila yeye kuionja. Pakiti ya chai safi ya Rwanda mkononi mwa mchuma chai mstaafu ina maana kuliko uzito wake. Mwenye ugonjwa wa sukari naye aweza kuinywa bila sukari.

Kitenge. Kipande kizima cha gauni kitapita kipimo chetu. Lakini tawi likinunua kitambaa kirefu kwa pamoja, na mwanachama anayejua kushona akakikata na kukipinda bila malipo, kila bibi atapata cha kujitanda mabegani au kujifunga kichwani. Wenzetu wa viwanda vya nguo wataona mabaki ya vitambaa na kufikiri ndiyo njia rahisi. Yanafaa, ila yasitoke getini bila karatasi ya ruhusa yenye saini. Mtu asifukuzwe kazi kwa wizi kwa sababu ya zawadi ya bibi.

Tochi au taa ndogo ya jua. Mzee mwenye choo cha nje huamka usiku, na kuanguka gizani kwaweza kumvunja nyonga. Ikiwa tochi ni ya betri, betri ziwemo ndani, na jozi nyingine kando. Kitu kinachomlazimu mpokeaji kununua kingine ili kifanye kazi ni deni tumemwachia.

Fimbo. Katika desturi ya Rwanda fimbo ni kitu cha heshima mkononi mwa mwanamume mtu mzima, haina maana ya kiwete. Hata hivyo fimbo ya kutembelea ina kipimo. Mzee asimame wima amevaa viatu vyake, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kifikie kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu kuliko hapo humwinua bega. Ikiwa fupi humwinamisha mgongo. Chini iwekwe raba ili isiteleze kwenye saruji iliyolowa. Seremala wa kiwandani ataichonga kwa muda mfupi, mradi apewe kipimo. Ndiyo maana tulisema mwende nyumbani kwake kwanza.

Miwani ya kusomea. Hapa tukae kidogo, kwa kuwa inawahusu hata wasomaji wetu ambao bado wako kazini. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, jicho la kila mtu hupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu. Si ugonjwa wala si uchawi wa jirani. Lenzi ya jicho imekuwa ngumu. Mtu huanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, kusoma karatasi ya mshahara, kuchambua mchele. Ili kujua ukubwa wa jambo hili kazini, tutazame mbali kidogo, kwenye mashamba ya chai ya Assam huko India. Watafiti waliwachukua wachuma chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wakawapa miwani nusu yao, nusu wakangoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health: waliopewa miwani waliongeza uchumaji wao karibu asilimia 22 zaidi ya wenzao. Watu walewale na mashina yaleyale. Kilichoongezeka ni jozi ya vioo tu.

Hapa Rwanda, tangu mwaka 2012 wizara ya afya, ikisaidiwa na shirika la Vision for a Nation, iliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya kupima macho na kutoa miwani ya kusomea kwa bei nafuu. Kwa hiyo msinunue miwani barabarani kwa kubahatisha. Zawadi ni kumpeleka mzee kituo cha afya, kumlipia kipimo na miwani inayomfaa. Kama muuguzi ataona mtoto wa jicho au tatizo jingine, atamwandikia hospitali, na hapo mtakuwa mmemfanyia zaidi ya mlivyokusudia.

Mbegu na miche. Bustani ya jikoni, *akarima k'igikoni*, inajulikana kila mtaa. Mbegu za dodo, karoti na vitunguu hazina bei kubwa. Lakini ulizeni, nani atapiga jembe? Mkimpa bibi wa miaka 75 mbegu bila mlimaji, mmempa kazi. Mpeni mbegu pamoja na vijana wawili wa kuandaa tuta.

Nguvu zetu wenyewe. Hii ndiyo zawadi ambayo haina bei na ambayo wafanyakazi wanayo kwa wingi. Bati linalovuja, mlango usiofungwa, ngazi ya udongo iliyomomonyoka, shimo la choo lisilo na kifuniko: fundi wa kiwanda hutengeneza hayo kwa asubuhi moja. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi iko *umuganda*, na watu wamezoea kazi ya pamoja. Nanyi pangeni siku yenu, kabla mvua za masika za Machi hadi Mei hazijaingia. Siku ya karamu mpeni mzee kadi iliyoandikwa vizuri: tarehe fulani, watu fulani wanne watakuja kutengeneza paa lako. Kisha waende. Ahadi isiyotimizwa ni tusi.

Picha. Kumpiga mzee picha na wenzake wa zamani wa idara ile ile, ikasafishwa kwenye karatasi na kupelekwa nyumbani baadaye, hugharimu kidogo. Wengi walipoteza picha zao zote mwaka 1994 au katika kukimbia nchi. Lakini ulizeni kwanza. Yuko anayeitamani, na yuko ambaye hataki. Picha ni ya mzee, haiendi gazetini ila kwa ruhusa yake.

Mituweli. Mwaka wa bima ya afya ya jamii huanza Julai. Umuganura ukifika mwezi wa Agosti, asiyelipa amekwisha kuwa nje. Ulizeni kimya kimya. Michango hulipwa kwa kufuata watu wa kaya, kwa hiyo mjue nyumbani kuna watu wangapi kabla ya kuahidi. Kwa mzee anayekwenda kliniki ya presha kila mwezi, hakuna kitambaa kitakachomfaa kuliko hiyo.

5. ZAWADI ZA KUKAA NAZO MBALI

Sukari na chumvi kwa mtu usiyemjua hali yake. Sukari imekuwa zawadi ya kawaida ya wazee, nasi hatuikatai kwa mwenye afya. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari inageuka mtihani: aitumie aumie, au aiuze aonekane hana shukrani. Chumvi nayo, mwenye presha ameambiwa aipunguze. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja.

Pombe. Bia ya ndizi na ya mtama ni zawadi ya asili, na wapo wazee ambao watafurahi. Lakini Nyamirambo na Biryogo wamejaa Waislamu, na mijini na mashambani wako Waadventista na Wapentekoste wasiogusa kileo. Zawadi ya mgeni isimfanye aifiche njiani.

Dawa. Msinunue vidonge vya maumivu wala "vitamini" za mitaani. Mzee anayetumia dawa za hospitali aweza kudhurika kwa kuchanganya.

Nguo kuukuu. Mpelekee ndugu yako nyumbani ukitaka, lakini mezani mbele ya watu isitolewe.

Vitu vya kuwachekesha wengine. Dumu la mkojo au nepi kwa mzee anayezihitaji ni msaada mkubwa, ila vipelekwe nyumbani na mtu mmoja wa jinsia yake, bila hadithi.

6. NAMNA YA KUTOA

Tangu mwaka 2008 sheria ya Rwanda inakataza mifuko ya plastiki. Fungeni kwa karatasi, kwa bahasha ya kaki, au kwa kitambaa ambacho chenyewe ni sehemu ya zawadi. Kikapu kidogo chenye kifuniko, *agaseke*, hupendeza kuliko vyote, lakini bei yake yaweza kula zawadi yenyewe. Igeni adabu yake tu: *agaseke* hufunikwa, na kilichomo ni cha mwenyewe. Zawadi zote zifungwe, ukubwa unaokaribiana, ziandikwe majina. Hapo hakuna atakayelinganisha fimbo ya huyu na tochi ya yule.

Mtoaji amwendee mzee alipokaa. Asimwite jukwaani, miguu yake si yetu. Atoe kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kigasha, kama tulivyolelewa. Amwite kwa jina la heshima, muzehe au mama au bibi, na aseme neno moja la kweli linalomhusu: "Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha mashine namba tatu." Neno hilo liandaliwe. Ndilo ambalo mzee atalisimulia nyumbani.

Hotuba ziwe fupi. Chakula kiwe laini na cha moto, na wazee watangulie. Kisha mzee mmoja apewe nafasi ya kusema, kwani penye wazee haliharibiki neno.

7. ZAWADI SI PENSHENI

Ndugu, tumelifikia jambo zito kuliko yote.

Baadhi ya wazee tutakaowaalika hawapati pensheni. Si kwa sababu hawakufanya kazi. Kanuni inasema hivi: mfanyakazi anaweza kustaafu kuanzia umri wa miaka 60, na ili alipwe pensheni ya kila mwezi lazima awe na michango ya miaka 15 isiyopungua. Asiyefikisha hulipwa fedha za mara moja, basi. Sasa yupo kibarua aliyeitwa wa msimu miaka ishirini, na mwajiri hakumwandikisha hata siku moja. Yupo aliyekatwa mchango lakini haukupelekwa. Yupo ambaye michango yake ipo, ila imeandikwa kwa jina lililokosewa herufi. Na yupo ambaye kiwanda chake kilifungwa au kilihamishwa, kama vile viwanda vya bonde la Gikondo vilivyohamishiwa Masoro, naye hajui faili lake liko wapi.

Mzee wa namna hiyo, sisi tukimpa sabuni na chai, tukapiga makofi, tukaenda zetu, tumemfariji kwa siku moja. Ndiyo maana tunataka kila tawi liongeze zawadi moja ambayo bei yake ni faranga chache: jalada.

Nunueni jalada la karatasi ngumu. Ndani yake wekeni haya: nakala ya kitambulisho, namba yake ya hifadhi ya jamii kama anayo, barua ya ajira, vikaratasi vya mshahara au kitambulisho cha kazi kama vimebaki, na ukurasa mmoja wa maelezo yake, ulioandikwa na kijana anayejua kuandika vizuri: nilianza kazi mwaka gani, idara gani, msimamizi nani, nilifanya kazi na nani, niliacha mwaka gani na kwa sababu gani. Wenzake wa zamani waliokuja kwenye karamu hiyohiyo waandike majina yao kuwa mashahidi. Hakuna siku nyingine watakayokutana wote mahali pamoja.

Kisha mwanachama mmoja aongozane naye mpaka ofisi ya RSSB, akaulize michango yake. Shirika hilo liliundwa mwaka 2010 na kurithi kazi ya Caisse Sociale du Rwanda iliyoanza mwaka 1962, kwa hiyo hata kumbukumbu za zamani huulizwa huko. Mwingine atakuta hana kitu. Mwingine atakuta amebakiza miezi michache tu, au kwamba haki yake ilikuwa ikimngoja. Kwa vyovyote atakuwa ameujua ukweli, na tawi litakuwa na ushahidi wa kudai.

Na sisi tulio kazini tujifunze hapo. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu ikitolewa na mfanyakazi na nusu na mwajiri. Fedha inayokatwa ni nyingi kuliko zamani, kwa hiyo haja ya kuikagua ni kubwa kuliko zamani. Kila mmoja aulize michango yake angalau mara moja kwa mwaka, angali ana nguvu za kudai. Vibarua wa msimu wadai kuandikishwa. Asiye na mwajiri wa kudumu ajiunge na Ejo Heza, akiba ya hiari ya uzeeni, hata kwa kidogo kidogo.

Tusipofanya hivyo, miaka ishirini ijayo vijana watakaokuwa kwenye mashine zetu watakuwa wakichangisha faranga elfu moja moja ili watununulie sisi sabuni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Wastaafu wangapi wa kiwanda au shamba letu tunawajua kwa jina na mahali wanapoishi? Nani ataandika orodha?

2. Kwa kipimo cha faranga 3,600, mgeni mmoja ana ugonjwa wa sukari, anaishi peke yake, choo chake kiko nje. Mngempa nini? Toeni sababu.

3. Mwanachama anasema, "Wote wapewe kitu kimoja, ndiyo usawa." Mwingine anasema, "Usawa ni kila mtu apate kinachomfaa." Tawi letu lifuate lipi, na litaepukaje manung'uniko?

4. Kampuni ikijitolea kulipia zawadi zote kwa sharti la kuweka alama yake juu ya kila kitu, tujibu nini?

5. Ni nani kati yetu aliyeuliza michango yake ya pensheni mwaka huu? Ambao hawajauliza, wataenda siku gani?

Majibu ya swali la pili na la tatu yaandikwe kwenye daftari la tawi. Jibu la swali la tano litekelezwe kabla ya mkutano ujao.